Kengele ya maombi sikuisikia

Batoto bangu, leo kanisa yote ilisikia siri yangu.

Hapa kwetu Butembo tunaombaka bote kwa sauti, mara moya, mupaka pastere apige kengele.

Lakini hii masikio yangu imezeeka. (Masika, mujukuu wangu unayeniandikia hii, andika na ile.)

Batu banyamaza, miye naendelea: "Bwana, Kavira mukamwana wangu, tangu tuzike mutoto wangu, mume wake, hatuongei. Nilimutukana bure. Naona haya kumuomba musamaha."

Nafungua macho: kimya. Kavira iko benchi ya nyuma.

Akasimama. Nilizania anatoka inje.

Akakuja kukaa karibu yangu, akanishika mukono.

"Mama, haukusema amina."

Tukaisema pamoja.

Kumbe Mungu alitaka nimuambie Kavira mwenyewe, hapana Yeye Mungu tu.

Na weye, iko nani unamuombeaka bila kumuambia?