Magunzi ya Shangazi

Nakumbuka Ijumaa moja hapa Vwawa, mwanangu, nilipomchemshia shangazi chai kwa magunzi yake ya nyuzi. Usicheke, subiri kwanza.

Shangazi Tabu ndiye aliyenifundisha cherehani. Enzi zile nyuzi za kudarizi tulizizungushia kwenye magunzi ya mahindi, kila rangi na gunzi lake, yamepangwa kikapuni. Mimi niliona ushamba. Kaka alikuwa ameniletea kutoka Tunduma kopo la biskuti lililochorwa maua ya waridi, kifuniko kinang'aa rangi ya dhahabu. Loo, nilivyoringa nalo! Basi asubuhi hiyo nikazivua nyuzi zote, nikazijaza koponi, magunzi nikayatia motoni.

Chai haijapoa, shangazi akafungua kopo. Nyuzi zilikuwa zimeshikana, fundo juu ya fundo. Na gauni la bibi harusi wa kesho lilikuwa limedariziwa mkono mmoja tu.

Kabla hajasema neno, mama wa bibi harusi akaingia kulichukua. Nikajua leo narudishwa kwetu Msangano, ufundi basi tena.

"Kosa ni langu, mama," shangazi akasema. "Nyuzi nimezihifadhi vibaya. Naomba uje jioni."

Yule mama alimsema, jamani! Mbele ya wateja wengine, akamwita fundi jina tu. Shangazi aliinamisha kichwa, akaomba radhi tena. Kunitazama hakunitazama.

Mama alipoondoka, shangazi akaniwekea kopo mapajani. "Haya, kaa hapo mlangoni penye mwanga. Fumua."

Akakaa nami. Tulifumua hadi alasiri, tukapata vipande vya kutosha mkono wa pili. Humo humo kwenye kufumua akanisema, na alinisema nikalia. Lakini tulikuwa wawili tu.

Gauni likaisha, harusi ikafungwa. Hadi leo nikishika sindano namshukuru shangazi, maana angenitaja pale mbele za watu, nisingerudi tena kwenye cherehani.

Ndiyo maana nimekuita. Jana nilikusikia ukimfokea mwanafunzi wako mbele ya wateja, kisa kola imekaa upande. Kola itafumuliwa, mwanangu. Mtu akikosea mikononi mwako, mbele za watu kosa libebe wewe; mkibaki wawili, mkanye mpaka aelewe.

Haya, nenda. Huyo binti wa watu yuko nje tangu asubuhi, anaogopa kuingia. Mungu aibariki mikono yako, na yake pia.