Udongo Laini wa Nyuma ya Nyumba

Kwetu Kolwezi, mtu mzima akionekana anakimbia, kuna jambo. Ameiba, au ameibiwa, au kuna msiba na yeye ndiye anayepeleka habari. Kwa hiyo nilipoanza kukimbia asubuhi, mwalimu wa shule ya msingi, mjane wa miaka arobaini na mitatu mwenye kiuno cha kutosha, majirani walikuwa na swali moja tu.

"Mama, nani anakufukuza?"

"Tansio," niliwajibu, yaani presha ya damu, nao wakacheka. Lakini nilikuwa nasema kweli. Daktari alikuwa ameniambia nichague, ama niitumikishe miguu, ama nizoee vidonge kama marehemu baba. Mimi na vidonge hatupatani.

Nilikuwa nimerudi kuishi kwa mama, katika nyumba aliyoachiwa na baba. Kutoka pale hadi shuleni Dilala, kwa mwendo wangu, ni kama dakika arobaini. Zamani nilipanda pikipiki, nikiwa nimemshika kiuno kijana anayeendesha kana kwamba ameacha roho ya akiba nyumbani. Nikaachana na pikipiki. Nilitoka alfajiri, kabla malori ya mawe hayajaanza kutimua vumbi, mgongoni nimebeba mfuko wenye kikwembe cha kitenge, blauzi, taulo na sabuni. Nikifika, nilinawa bombani nyuma ya madarasa, nikafunga kikwembe, nikawa mwalimu tena. Mkuu wa shule aliniambia wazazi wananung'unika kumwona mwalimu amevaa suruali na jasho linamtiririka. Nikamwambia basi wanichangie gari. Hakurudia.

Goti la kushoto lilianza kuuma mwezi wa tano. Kwanza lilikuwa jambo la kushuka ngazi, halafu likawa jambo la kusimama mbele ya ubao. Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyewahi kucheza mpira, ambaye siku hizi anakanda watu miguu sebuleni kwake. Aliligeuza goti langu huku na huku kama mama anayechagua nyanya sokoni.

"Unakimbiaka wapi?" aliuliza.

"Ku goudron, tata. Ku lami, barabara ya malori."

"Njo ile. Goudron inakula magoti. Tafuta udongo, udongo yenye kulegea. Na upunguze, hauko mutoto."

Niliudhika kuambiwa sikuwa mtoto, lakini nilimsikiliza. Nyuma ya nyumba yetu kuna kichochoro kirefu kinachopita kati ya kuta za viwanja vyetu na za viwanja vya avenue ya pili. Siku zote kilikuwa na mawe na mashimo ya mvua, mahali pa kuteguka kifundo. Nilikuwa nimekikatia tamaa kabla ya kukijaribu. Lakini wiki ileile nilikuta kimemwagiwa udongo mwekundu, mzuri, umesawazishwa kwa makini. Nilipoukanyaga, mguu uliingia kidogo ukarudi, na goti halikusema kitu.

Nilifurahi kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu siku hiyo nilianza mbio zangu kichochoroni, nikienda na kurudi mara sita, ndipo nikashika njia ya shule taratibu pembeni mwa lami. Na kila baada ya siku mbili tatu kulikuwa na udongo mpya.

Nilijua unakotoka, na sitajifanya mjinga. Jirani yetu wa mkono wa kulia, mzee mstaafu wa kampuni ya migodi, alikuwa amefunika nusu ya ua wake kwa turubai la buluu. Alisema anachimba choo. Vijana wanne waliingia kila asubuhi, wakatoka jioni wamebadilika rangi. Choo hicho kilikuwa kikichimbwa tangu kiangazi, na sasa mvua zilikuwa zimeanza.

"Tata, choo ya bantu ngapi?" nilimtania siku moja ukutani.

"Famille iko mukubwa, mama," alijibu, naye akacheka.

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Turubai la jirani haliulizwi. Chini ya mji huu kuna kobalti, na mwenye kiwanja akisema choo, wewe unasema choo. Ukiuliza zaidi unaonekana una wivu, au unataka sehemu yako. Mimi sikutaka sehemu. Nilitaka goti langu.

Wala sikuishia kunyamaza. Siku moja shefu wa avenue, mkuu wa mtaa wetu, alikuja kichochoroni na kidaftari chake akauliza udongo wote huu ni wa nani, maana huko ofisini walikuwa wameambiwa watu wasichimbe chini ya nyumba. Jirani alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama. Nami nilikuwa natoka jasho, nimechangamka, nampenda kila mtu.

"Udongo iko yangu, tata shefu," nilisema, nikigusa goti. "Mi njo niliomba bamwange, juu ya mugulu yangu."

Shefu akaandika. Jirani akainamisha kichwa kunishukuru. Jioni mke wake alituletea sahani ya mihogo na karanga, mama akala akasema tuna majirani wazuri.

Mkimbiaji hujifunza kusikiliza ardhi, hata asipotaka. Lami hulia juu juu, kwa ukali. Udongo ulioshikana hulia kifupi. Mwezi wa kumi na mbili, katikati ya kichochoro, nyuma ya ukuta wa jirani, nilisikia kisigino changu kikijibiwa. Ilikuwa kama kugonga pipa ambalo halijajaa. Nikasimama, nikarudi nyuma, nikapiga mguu. Hatua tatu za sauti ile, kisha ardhi ya kawaida.

Wiki iliyofuata zilikuwa hatua saba. Iliyofuata, kumi na mbili, na ya kumi na mbili ilikuwa imepita mpaka wa kiwanja cha jirani ikaingia nyuma ya jiko letu. Niliacha kuhesabu mbio nikaanza kuhesabu sauti. Kila asubuhi nilijiambia ni mvua, mvua imelainisha kila kitu. Kila asubuhi niliogopa, na bado nilikimbia palepale, maana goti lilikuwa halijawahi kuwa zuri namna ile.

Halafu mlango wa chumba cha mama ukaanza kukwama. Mama alisema mbao zimevimba kwa mvua. Alasiri moja nilimkuta amekaa kitandani na rozari mkononi, lakini hasali. Anasikiliza.

"Kuko panya," alisema. "Panya ya mukubwa. Inakwanguaka chini ya kitanda, kila siku saa ya sala."

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa jirani bila kubisha hodi, nikamkuta chini ya turubai lake, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na shimo. Kamba ilikuwa inacheza, kuna mtu chini. Shimo lile halikuwa pana kuliko sufuria kubwa ya harusi, na pumzi yake ilikuwa ya baridi.

"Tata, musifike ku nyumba ya mama," nilimwambia. "Ninakuomba. Mwishie ku ukuta."

Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mama, kule tulishapitaka. Zamani, mbele Noeli haijafika."

"Mulipita wapi?"

"Chini ya chumba yake. Mushipa ya mawe njo kwenye ilienda. Sasa tunarudia tu masalio." Akanyoosha kidole kuelekea kichochoroni. "Ule udongo wa kukimbilia, ulizani unatoka wapi?"

Miezi yote ile, kila nilipousifu ulaini wa njia yangu, nilikuwa nakanyaga udongo uliotolewa chini ya kitanda cha mama yangu. Nilikuwa nimeusubiri kila siku mbili. Nilikuwa nimenuna siku ulipochelewa.

Nilikwenda kwa shefu wa avenue. Nilikwenda mbio, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza nani ananifukuza. Shefu alifungua kidaftari chake, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Hapa iko jina yako, mama. Udongo ni yako, wewe njo uliomba. Kama mi naita police, banaanza na nani?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikifunga kidaftari polepole.

"Toa mama yako mu nyumba," alisema. "Leo, mbele mvua haijanyesha."

Mama ana miaka sabini na sita na anatembea kwa fimbo. Katika chumba kile alizaa watoto wawili na akamwona baba akikata roho. Nilimwambia tunakwenda kulala kwa dada yangu kule Dilala siku chache, mlango utengenezwe. Akakubali kwa shida. Nilipomnyanyua kitandani nilikuwa najizuia nisikanyage kwa nguvu, nikitembea ndani ya nyumba ya baba yangu kwa ncha za vidole. Sakafu ilinijibu vilevile. Nilifunga nguo zake katika kikwembe, picha ya baba, rozari, sufuria moja. Kitanda nilikiacha. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya vilima vya mabaki ya mgodi.

Tulipotoka, mama aligeukia kichochoro kama kawaida yake, kwa sababu ndiko kwepesi kwa fimbo.

"Hapana, mama. Tupite ku goudron."

"Goudron iko mbali. Na huku njia iko muzuri, wewe mwenyewe ulisema. Udongo inalegea."

Nilijaribu kumvuta mkono. Hakuvutika. Aliniangalia, mimi niliyemwambia uongo wa mlango dakika kumi tu zilizopita, na nadhani aliona kila kitu usoni mwangu. Basi nikamweleza palepale, kwa ufupi, panya ni watu, na udongo ule umetoka chini yake. Sikumficha hata habari ya kidaftari.

Mama hakupiga kelele. Alichomeka fimbo yake katika ule udongo mwekundu, ikazama kiganja kizima, akaichomoa na kuitazama ncha yake.

"Tangu siku gani ulijua?"

"Sauti nilisikia tangu mwezi wa kumi na mbili."

"Na ulikuwa unakimbia tu."

"Ndiyo, mama."

Alipangusa fimbo kwenye majani, akanishika bega, tukaenda kwa njia ya lami.

Nyumba ingali imesimama. Imepita misimu miwili ya mvua, na hakuna anayelala ndani yake. Nakimbia kwenye lami sasa, pole pole, goti limefungwa bandeji, na kila asubuhi nazunguka kupita pale barabarani nione kama paa lipo. Kichochoroni udongo mpya unaendelea kumwagwa. Umeshapita kwetu, umefika nyuma ya nyumba ya tatu, na mama wa nyumba ile huutandaza vizuri kwa jembe ili watoto wake wasijikwae. Nilimwambia. Nilimwambia mara mbili, mara ya pili mbele ya mume wake. Akatabasamu, akanijibu kwamba ni choo.

Jioni mama huniuliza kama nyumba yake ipo. Namwambia ipo. Kisha hulinyooshea goti langu kidole na kuuliza kama bado linauma. Nikisema ndiyo, huitikia kwa kichwa, akaendelea na rozari yake.