Kuku Aliyerudi Mungaa

Tenga la kuku lina harufu yake. Ni harufu ya fito kavu, manyoya yaliyopata joto, na punje za mtama zilizomwagika chini zikalowa. Juzi mjukuu wangu alilitua tenga la namna hiyo karibu na kiti changu, la kupelekea kuku mnadani, kisha akaanza kunisomea kwenye simu ratiba ya siku yetu ya mjini: ziwani asubuhi, chakula mchana, mpira saa kumi jioni. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimeshafika mbali, nina miaka kumi na miwili, nimekaa kwenye nyasi za uwanja wa Singida, na ubavuni mwangu Bibi amepakata kuku.

Watu wa nyumbani wanaijua habari hii vipande vipande, vile vya kuchekesha. Ninyi nitawaambia yote.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na mdogo wake mmoja tu aliyebaki, Bibi Mariamu, aliyeolewa na fundi cherehani mjini, mtaa wa Majengo. Miguu ilikuwa imemvimba na hakuweza tena kupanda gari kuja kwetu Mungaa. Walikuwa hawajaonana tangu mavuno mawili yaliyopita. Basi Bibi akatuma salamu kwa mchuuzi wa vitunguu: mwambie Mariamu, Jumamosi nakuja. Bibi hakujua kusoma, na mjini alikuwa hajafika kwa miaka mingi, kwa hiyo akaomba nimsindikize. Mimi nilikuwa darasa la sita. Alikuwa akiniita mume wangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na siku hiyo aliwaambia majirani, "Nakwenda mjini na mume wangu msomi. Nyie wa kwenu wanajua kusoma nyayo za mbuzi tu."

Jumamosi hiyo hiyo timu ya mkoa wetu ilikuwa inacheza na timu ya Dodoma. Mwalimu wetu alikuwa ametutangazia darasani, akasema huenda tusiione tena mechi kama ile. Mpira nilikuwa nausikia redioni tu. Uwanja wa kweli, wenye wavu golini, sikuwa nimeuona.

Nikachana karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye miraba, nikapanga siku. Basi la kwetu lilikuwa moja: lilitoka alfajiri na kurudi saa kumi na mbili jioni. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Saa tatu, sokoni. Saa nne, Posta, kuona jengo. Saa tano, Ziwa Singidani. Saa saba, kwa Bibi Mariamu. Saa tisa, uwanjani. Kila kitu kilienea. Nilimsomea Bibi karatasi yote nikifuata kwa kidole, naye akaitikia kila mstari kama mtu anayeitikia sala. Mambo ya mpira hakuyajua, lakini alisema kama yameandikwa, basi yapo.

Kilichoniharibia hesabu ni kuku. Asubuhi tulipokuwa tunatoka, Bibi alitokea na kapu lenye tetea mwekundu mwenye kishungi, amefungwa miguu, amechungulia nje kama abiria. Nikajiona mjinga. Nilisahau kwamba mtu haendi kwa ndugu yake mikono mitupu, na kwa watu wetu mgeni aliyebeba kuku haagi mapema. Watampokea kuku wake wakamfunge, watakamata wa kwao, watamchinja, watamnyonyoa, na kuku wa kienyeji wa Singida haivi kwa haraka ya mtoto. Kisha ugali, kisha maongezi, kisha kusindikizana, na kila baada ya hatua kumi watu wanasimama. Ukiondoka kabla ya kula, umetukana nyumba. Saa mbili zangu hazikuwa chochote mbele ya kuku yule.

Ndani ya basi nikatoa karatasi yangu. Nilikuwa nahesabu.

Mjini tulikwenda kama karatasi ilivyosema. Sokoni Bibi alisalimia kila mtu, hata wasiomwitikia. Mbele ya Posta alitazama ngazi, akauliza kama waliomo ndani ni wagonjwa, maana wote walikuwa wamepanga foleni kimya. Ziwani upepo ulileta ile harufu ya magadi na tope, na mbali kwenye maji kulikuwa na ndege wa miguu mirefu, wengi, wekundu kama udongo wa kwetu ukinyeshewa. Bibi akaweka kapu juu ya jabali, akamgeuzia kuku upande wa maji. "Na wewe tazama," akamwambia. "Ukifa leo usiseme hukutembea."

Nilicheka. Bado nacheka nikikumbuka, halafu najikatiza.

Kutoka ziwani tulifika kwenye njia panda. Kushoto ni Majengo. Mnara wa msikiti ulio jirani na kwa Bibi Mariamu ulionekana. Kulia ni uwanjani, na vijana walikuwa wameshaanza kupita na matawi ya miti wakiimba. Bibi akasimama, akahamisha kapu mkono wa pili.

"Karatasi inasemaje, mume wangu?"

Niliitoa mfukoni. Mstari ule ulikuwa pale, wino wa bluu, mwandiko wangu mwenyewe: kwa Bibi Mariamu. Nikautazama, nikasema, "Inasema uwanjani. Kwa Bibi Mariamu ni baada ya mpira."

Hakubisha. Alitazama ule mnara kidogo, akasema, "Haya. Karatasi ndiyo kubwa." Tukakata kulia.

Nilishaiba sukari nikiwa mdogo, nilishasingizia mbwa. Lakini kumsomea uongo mtu asiyejua kusoma ni jambo jingine kabisa, na nililijua pale pale, kwa sababu masikio yaliniwaka moto. Nikaendelea kutembea.

Uwanjani tulikaa karibu na kona. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yetu akauliza, "Bibi, huyo ni golikipa wa akiba?"

"Huyu hafungwi," Bibi akajibu. "Labda afungwe miguu."

Watu wakacheka wakatusogezea nafasi. Timu yetu ilipopata bao, kelele zilimtisha kuku akapiga mbawa kapuni, manyoya yakaruka, na yule kijana akasema hata kuku anashangilia. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Naomba mniamini nikisema kwamba nilifurahi, maana hilo nalo ni sehemu ya kosa langu. Wachezaji walipokwenda kupumzika, Bibi alianza kuinuka.

"Wamemaliza?"

"Bado, Bibi. Wanapumzika."

Akakaa. Akamenya karanga, nyingine akanipa, nyingine akampa kuku. Kipindi cha pili chote alikuwa anageuka kutazama jua.

Mpira ulipoisha hatukuwa na muda wa kufika Majengo na kurudi. Basi lilishaanza kupiga honi. Nikasema, kwa ile sauti ya watoto wanaojua walichofanya, kwamba tutakuja wiki ijayo. Bibi akasema, "Wiki ijayo bado haijawa yetu." Akapanda basi, kapu mapajani, na njia nzima hakunitania.

Asubuhi yake mama alikwenda jikoni akamkuta yule tetea anadonoa pumba. Akasimama mlangoni muda mrefu. Kuku akishaagwa kwenda kwa mtu, kurudi kwake ni habari mbaya: ama mmemkosa mwenyeji, au mmegombana naye.

"Mama, mbona kuku amerudi?" akamuuliza Bibi.

Mimi nilikuwa nafunga kamba ya ndoo. Nikaifungua nikaanza upya.

"Miguu yangu ilichoka," Bibi akasema. "Mtoto alitaka kunipeleka, mimi ndiye niliyekataa. Huyo kuku msimguse. Ana mwenyewe."

Hakuna aliyemgusa. Alikuwa hajapata hata kutaga ilipoletwa habari kwamba Bibi Mariamu amefariki.

Tulikwenda msibani na kapu lile lile, kuku yule yule. Binti wa Bibi Mariamu, shangazi Zuhura, alimpokea kuku, akamwambia Bibi bila ukali wowote kwamba ile Jumamosi mama yake aliwaambia wamtandikie mkeka kizingitini, akae aone njia. Alikaa toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kuku wao alikuwa amechinjwa mapema ili wageni wasicheleweshwe na gari. Bibi Mariamu alikataa asiliwe mpaka sisi tufike.

Kumbe kuku alikuwa ameshaiva. Tungeingia, tungekula, tungeondoka, na mpira ningeuwahi. Nilichokiogopa mpaka nikadanganya hakikuwepo.

Nilikaa na siri ile mpaka nilipokuwa kidato cha pili. Likizo moja, Bibi akiwa hajiwezi sana, nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Unaposoma kweli, kidole chako kinatembea. Siku ile hakikutembea."

Nikamuuliza kwa nini alikubali twende.

"Nilisema Mariamu ni ndugu yangu, atasubiri. Mpira ni wa wageni, hausubiri." Akavuta shuka. "Tulikosea wawili, mume wangu. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima."

Kwa miaka mingi nililipokea neno lile kama msamaha, nikalala nalo. Uzee ndio umenifundisha kulisikia vizuri. Hakuwa ananifariji. Alikuwa ananiambia mzigo alioubeba yeye, na mimi niliyempa mzigo ule nilikuwa nimeinuka pale kando ya kitanda nikiwa mwepesi.

Shangazi Zuhura bado yuko Majengo, haoni vizuri sasa. Toka msiba ule sijawahi kukaa nyumbani kwake. Nimekuwa nikipita barabara nyingine nikifika mjini. Naye hajui sababu, au labda anaijua.

Mjukuu wangu aligundua kwamba simsikilizi. "Babu, kuna cha kuongeza kwenye ratiba?" akauliza. Nikamwambia aweke Majengo, kwa shangazi yangu, saa tatu asubuhi, kabla ya ziwa na kabla ya chochote. Akauliza tutakaa huko mpaka saa ngapi, maana mpira ni saa kumi.

Nikamwambia saa ya kuondoka asiiandike. Kisha nikamtuma anichagulie tetea mmoja kwenye lile tenga, mwekundu akipatikana.