Fulana Niliyoitia Wanga

Kaskazi moja ya miaka ya themanini, baba yangu alikuwa kitandani, upande wa kushoto umepooza. Joto la Malindi mwezi wa pili halimhurumii mzima, seuze mgonjwa. Mgongo wote ulimjaa harara, vile vipele vya joto vinavyowasha mpaka mtu akatamani kujichuna ngozi. Daktari alisema alale kifua wazi. Baba akakataa katakata. Kila alasiri watu walikuja kumjulia hali, na wengi wao ndiye aliyewashonea kanzu tangu ujana wake. Hakuwa tayari kuonwa tumbo nje.

Basi ikawa kazi yangu kumtafutia fulana nyepesi, ya kupitisha upepo. Nilizunguka maduka ya mjini mpaka nyayo zikaniuma. Kila niliyoshika ilikuwa na nailoni ndani yake. Mwenye duka mmoja akaniambia, "Hii haichuji rangi, dada." Nikamjibu kuwa rangi sikuiuliza, nikatoka bila kuaga. Siku zile nilikuwa mkali kwa kila mtu, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Jirani akanielekeza Kilifi, upande wa Mnarani, ambako wanawake walitandaza mitumba karibu na foleni ya feri. Nikaenda. Muuzaji, mama mmoja wa Kigiriama, aliniona nikipapasa nguo ovyo, akanifundisha. "Itie mdomoni, mwanangu, upulize. Pumzi ikitokeza kule, hiyo ndiyo." Nikapuliza fulana moja baada ya nyingine, watu wananicheka, hadi nikaipata nyeupe, pamba tupu, laini kwa kuvaliwa. Nilifurahi hata nikasahau kuomba kupunguziwa bei.

Ila baba na mitumba walikuwa mbalimbali. Aliiita kafa Ulaya, nguo za Wazungu waliokufa, na alikwisha kuapa haitagusa ngozi yake. Kwa hiyo nikaamua kumdanganya. Niliifua, nikaitia buluu ya kufulia, kisha nikaitia wanga wa muhogo kama tunavyozitia kanzu za Ijumaa, nikaipiga pasi ya makaa mpaka ikasimama. Nikaikunja, nikaibana kwa pini na kuifunga katika karatasi.

"Mpya, Baba. Ya dukani."

Aliupapasa upindo kwa mkono wake mzima, akakawia kidogo. "Mungu akuweke, mwanangu," akasema.

Aliivaa kila alasiri kwa muda wa wiki nzima. Kila usiku nilimvua nikaifua, na vipele vilivyozidi nikavidhania harara ile ile; kila asubuhi nikaitia wanga upya. Baba akazidi kunyamaza. Mimi, Mungu anisamehe, nikamnunia: nimehangaika mpaka Kilifi kwa ajili yake, na bado uso kaukunja.

Siku ya nane nilimvika tangu adhuhuri, kisha nikamgeuza nimpake poda kabla ya wageni. Fulana ilikuwa imemganda mgongoni. Nilipoibandua, ilitoka na ngozi. Vipele vilikuwa vimepasuka, na pale mishono ilipopita palikuwa na mikwaruzo mibichi.

"Baba! Mbona hukusema?"

Aliongea polepole, maneno yakimtoka kwa shida. "Pamba yake nzuri. Ni wanga ulioiziba pumzi."

Nikabaki nimeishika ile nguo. Nilikuwa nimesahau kwamba namdanganya fundi cherehani. Vidole vyake vilikuwa vimejua siku ile ile ya kwanza kuwa kitambaa kile kilikwisha kuvaliwa na mtu mwingine.

"Ningesemaje?" akaongeza. "Ulitaka sana ionekane mpya."

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Nikamwambia nauondoa wanga sasa hivi, kwa jua hili fulana itakauka upesi. Lakini nje tayari watu walikuwa wakibisha hodi.

"Nivike," akasema.

"Baba, mgongo wako."

"Nivike, mwanangu. Watu wako mlangoni."

Nikamvika. Alifumba macho nilipoiteremsha mgongoni. Wageni waliingia, wakasalimu, wakaketi. Mzee mmoja, rafiki yake tangu utotoni, akaisifu fulana ilivyonyooka, akauliza imetoka wapi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Nikamsikia baba yangu, ambaye sikupata kumsikia akisema uongo maishani mwake, akijibu: "Binti yangu kaninunulia dukani. Mpya kabisa."