Fundo la kitenge

Maziwa yakiungua kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mimi huacha ninachokisoma. Juzi ilitokea tena hapa Kasapa, kwenye bweni la chuo: mwanafunzi wa chumba cha jirani alisahau sufuria juu ya makaa, harufu ikajaa korido nzima, na mara nikawa tena uani kwa Kambo, kule Ruashi, katikati ya vumbi jekundu na viumbe waliokataliwa.

Kambo ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama wa baba. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, aliyekuja mjini kutoka kaskazini akiwa bado msichana, na maisha yake yote aliyatumia kupokea. Mbwa wa miguu mitatu, bata kipofu, kuku aliyenyonyoka manyoya hadi akaonekana tayari kwa sufuria: wote walikuwa na jina na sahani. Watoto vilevile. Waliofiwa, waliofukuzwa, waliosahauliwa. Aliwashonea nguo mwenyewe barazani, akitunga uzi kwenye sindano bila miwani huku akituimbia.

Msidhani alikuwa mtu wa kutilia mambo shaka kama mimi. Bundi akilia juu ya bati, alifanya ishara ya msalaba, kisha akamwaga chumvi mlangoni. Mimi nyuma yake.

“Kambo, chumvi inafanya nini?”

“Inafanya kazi.”

“Kazi gani?”

“Ya kufunga kinywa ya batoto ba maulizo. Lakini kwako inashindwa.”

Siku moja mwanamume mmoja alimleta Mado, mpwa wake, msichana wa umri wangu. Baba yake Mado alikuwa amefukiwa na udongo kwenye shimo la wachimbaji, na familia ikaamua kwamba ni Mado aliyemla. Ndoki, walisema. Mchawi. Mjomba hakuvuka hata lango.

“Mama, kama unamutaka, umuchukue. Kwetu hapana tena.”

Kambo alikuwa na desturi yake: kabla mtoto mpya hajapewa bukari, ugali wetu, alipewa mnyama wa kutunza. Mado alipewa mwanambuzi aliyefiwa na mama yake, mnyonge, miguu ikitetemeka. Hata mimi niliona hatari.

“Na kama inakufa? Batasema ni yeye!”

“Kama inakufa, inakufa. Kamuulize mbuzi.”

Mado alikoroga maziwa ya unga, akayapasha, akachovya kidole na kumnyonyesha. Nasi hakusema neno, lakini na mbuzi alizungumza kutwa nzima, na kwa kumtazama sana alisahau sufuria mpaka maziwa yakaungua. Ua wote ulinuka. Kambo aliikwangua sufuria bila kugomba.

Asubuhi moja tulimkuta ameketi chini, mwanambuzi amekauka mapajani mwake. Hakulia. Alilitazama lango, kama mtu anayengoja kuonyeshwa njia.

Mama Jeanne, jirani yetu, alichungulia juu ya ukuta, akaona. Sauti yake ilikuwa ya kuamsha mtaa.

“Aah! Si nilisema? Huyu mutoto iko na mukono mubaya! Leo mbuzi, kesho nani? Murudishe kwao!”

Wanawake waliokuwa wakienda sokoni wakasimama langoni. Mmoja akasema Mado akibaki, watoto wake hawatakanyaga tena pale. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Sote tukamgeukia Kambo.

Mgongoni alikuwa amembeba mdogo wangu, mtoto mchanga, kwa kuwa mama alikuwa sokoni. Kambo alifungua kitenge polepole.

“Mado, amuka. Inama.”

Akamlaza mdogo wangu juu ya mgongo wa Mado, akazungusha kitenge, akafunga. Fundo likateleza. Akafunga tena.

“Mubebe muzuri. Miye naenda kufukia mbuzi.” Kisha akamgeukia jirani. “Na weye, Mama Jeanne, kama umemaliza, niletee jembe yako. Yangu mupini ilivunjika.”

Mado alisimama kama mtu aliyejitwika beseni lililojaa maji hadi ukingoni. Mdogo wangu akapiga chafya, akamdondoshea mate shingoni, akalala. Ndipo Mado akaanza kuyumba taratibu, kulia, kushoto, kama wasichana wote wenye watoto mgongoni. Wanawake wakaendelea na safari yao. Na jembe lililetwa.

Kwa miaka nilisimulia kisa hiki kwa wenzangu wa chuo kama ushahidi: tazameni, mwanamke asiyesoma, lakini haamini uchawi! Likizo moja nilimuuliza mwenyewe.

“Kambo, ulijuaje mutoto hatapata kitu?”

“Sikujua. Mugongo ilikuwa inaniuma.”

Akacheka mpaka akakohoa. Jioni hiyohiyo bundi alilia juu ya bati, naye akanituma jikoni kuchukua chumvi.

Nilisimama na chumvi mkononi, na kwa mara ya kwanza sikuwa na swali. Kwangu mimi ni rahisi. Siamini kuna ndoki, hivyo ningemfunga mtoto mgongoni mwa yeyote. Kambo aliamini. Alijua pia kwamba homa haibishi hodi, na kwamba mtoto akiugua juma lile, mtaa mzima ungejua pa kuja. Na bado alifungua kitenge.

Lile fundo lilipoteleza, nilidhani ni uzee. Lakini asubuhi ileile, kabla hatujamkuta Mado, mikono hiyohiyo ilikuwa imetunga uzi kwenye sindano bila miwani.