Barua Iliyoulizia Goti

Wiki iliyopita, katika fleti moja ya Malaz, Riyadh, niliona barua ya Sheikh imetiwa fremu ukutani kwa Bi Zuhura, jirani yetu wa zamani, nikaona haya.

Sheikh alikuwa mwanasiasa wa kwetu Mombasa. Nilipokuwa mdogo, mahujaji walituletea barua zake chumbani kwetu Bani Malik, Jeddah, zikinuka karafuu za masandukuni, na baba akizisoma Ijumaa mbele ya wageni. Sheikh alijua kila kitu: nani kajifungua, nani kanyimwa ikama, kibali cha kuishi Saudia. Niliamini ana karama, mpaka siku nilipomkuta baba akimwandikia habari hizo zote.

Ijumaa ile pilau ilikuwa bado jikoni, mdalasini umejaa chumba. Baba akasoma, "Mwulizeni dadangu Zuhura, goti limepoa?"

"Subhanallah! Kanikumbuka mimi, mpishi wa watu!" Bi Zuhura akapiga kigelegele. "Hata mume wangu halijui goti hili!"

"Baba ndiye aliyemwambia," nikasema kwa sauti, nikijiona mwerevu. "Humwandikia mambo yenu yote."

"Kumbe tuna mpelelezi," mgeni mmoja akamwambia baba, akicheka bila furaha. Baba akaikunja barua, akamwachia Bi Zuhura. Hakumwandikia Sheikh tena, na barua zikakoma.

Baadaye, chuo kikuu, nilisoma kwamba ushawishi wa wanasiasa hujengwa hivyo hivyo, na bado naamini nilisema kweli. Lakini pale Malaz, Bi Zuhura aliinuka kunitilia chai akishika ukuta.

"Goti bado linauma, Bi Zuhura?"

"Ah, mwanangu," akasema. "Tangu barua ile, hajaniuliza mtu."