Punje Ambazo Hazikuyeyuka

Jumanne nilikuwa kwenye duka la pembejeo pale Masumbwe nikisubiri mbegu, mara akaingia mama mmoja na mmea mzima wa mahindi, mizizi bado ina udongo. Akaulaza juu ya kaunta taratibu.

"Shikamoo mzee. Unanikumbuka?"

Muuzaji akacheka. "Marahaba. Nitakusahauje? Ulinitukana."

Kweli alimtukana. Misimu miwili mchwa walimmalizia mahindi, na safari hii mzee akampa dawa ya punje, ya kufukia pamoja na mbegu. Baada ya wiki mbili mama alifukua, akazikuta punje ziko vilevile, akaja juu kwamba ameuziwa mchanga. Mzee akamjibu kwamba dawa ile hutoka kidogo kidogo kadiri udongo unavyopata unyevu. Ikitoka yote siku moja, mvua inaibeba. Hakuamini, ila mbegu ya kurudia kupanda hakuwa nayo, basi akaziacha punje humo humo.

Sasa akapitisha kidole kwenye mizizi, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja uliotafunwa.

"Shamba zima limesimama hivi!" akasema, sauti ikipanda. "Jirani yangu alimwagia dawa ya maji, mvua ikapiga siku ya tatu. Mchwa wamerudi kwake, kwangu hawajagusa!"

Mzee akavua kofia, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu. Asante kwa kurudi."

Mama akapiga kigelegele palepale, na sisi wateja tukampigia makofi.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia dawa fulani haifanyi kazi, namuuliza kwanza ameipa siku ngapi.